Tezi Nne

Tulimzika Ba'mkubwa Athumani mwezi uliopita, huko Kigombe, na kabla hata wali wa matanga haujapakuliwa watu walikuwa wameshaanza kumcheka. Walimcheka kwa mapenzi, kama wanavyochekwa marehemu walioishi vizuri na watu. Walikumbuka kwamba kila aliposikia mtu wa kijijini anapelekwa kupasuliwa, hata kama ni busha au kidole tumbo, mzee alichukua fimbo yake akaenda nyumbani kwa mgonjwa, akakaa barazani, na baada ya kuamkiwa akauliza kama daktari ameshasema atapima, na kama atapima chote. Watoto walimwita Mzee Tezi. Mjukuu wake mmoja, msichana wa chuo, aliniuliza pale jikoni babu yake aliupata wapi wazimu ule, nami nikamjibu kwamba maji yanakaribia kwisha, akaangalie tangi. Sikuwa na hasira naye yeye. Nilikuwa na hasira na kile kicheko, kwa sababu mimi ndiye niliyemtia mzee wazimu wake, mwaka nilioishi Tanga mjini nikiwa binti wa miaka ishirini. Sababu za mimi kuwa kule hazina maana tena. Wengi waliokuwamo ndani ya mwaka ule wamekwisha, na kufa kwake yeye kumenifungua mdomo.

Nilikaa kwa Ba'mdogo Salehe, mdogo wake Ba'mkubwa, katika nyumba ya Makorora yenye ukumbi mwembamba uliojaa makochi makubwa kuliko ukumbi wenyewe, hata mgeni alilazimika kupita kwa ubavu. Ba'mdogo alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani, kule mpakani Horohoro. Alirudi nyumbani Alhamisi jioni na kuondoka Jumapili, na katika siku hizo nyumba nzima ilimpikia yeye. Alikuwa mtu wa kula. Alikula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa chukuchuku akiwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akitania kila kilichowekwa mbele yake: samaki huyu alikufa kwa uzee, pilipili hii imeogopa nini. Mwanzoni mwa mwaka ule alianza kuacha chakula nusu. Alisema ameshiba, na alikuwa hajala vijiko vinne. Akatibiwa vidonda vya tumbo, akanywa maziwa, akanywa majani ya jirani, akanywa vidonge vya kila rangi, na suruali zikaanza kumvuka kiunoni. Ma'mdogo Zuhura, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alizipunguza kwa mkono usiku bila kusema neno, akazirudisha kabatini kana kwamba hazikuguswa. Walipompitisha kamera mdomoni mpaka tumboni ndipo saratani ilipoonekana. Nyumbani hatukulitumia neno hilo. Tulisema "ule uvimbe", na hata hivyo tulishusha sauti.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi nje ya vyumba vya upasuaji, Ba'mkubwa katikati yetu, kanzu yake imepigwa pasi kama anakwenda kuozesha binti. Daktari mpasuaji alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alitoka, akavua kofia, akatueleza kwamba ameondoa sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mafuta yanayolizunguka, kwa sababu ndani ya mafuta yale kuna tezi, na ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye tezi. Ba'mkubwa alimshukuru, akamwombea dua ndefu, kisha akauliza hilo lililotolewa liko wapi. Daktari akasema linakwenda maabara. Na baada ya maabara? Baada ya maabara hospitali ina utaratibu wake wa kuchoma. Ba'mkubwa hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ndugu yake hachomwi. Kwetu, kiungo kikimtoka Muislamu angali hai kinaoshwa, kinavikwa, kinarudi ardhini, awe amekatwa mguu au kidole, na tumbo ni kubwa kuliko kidole. Daktari alieleza umuhimu wa kipimo, naye mzee akasema kipimo hakikatai, akate anachokihitaji kupima, kilichobaki apewe leo leo. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshalazwa mezani ndani. Daktari alimtazama mzee, akatazama mlango, akarudi, na baada ya muda muuguzi akatuletea ndoo ndogo yenye mfuniko. Kipande chenye uvimbe, na kilichokuwa jirani yake, kilibaki kwenye chupa ya dawa. Mengine yote yalikuwa ndooni. Sijamlaumu daktari yule hata siku moja, wala sijamlaumu Ba'mkubwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua kiasi gani kinatosha.

Alasiri ile ile tulikuwa Kigombe kwa gari la kukodi, ndoo iko miguuni pa Ba'mkubwa. Aliosha mwenyewe, akafunga kwa bafta nyeupe, akaenda makaburini na wanaume watatu. Sisi wanawake tulibaki jikoni tukikuna nazi, kwa kuwa alisema watu waliochimba hawaondoki na njaa. Tulipika wali na mchuzi wa papa kama msiba, na hakuna aliyejua kama ni msiba. Mmoja alianza kulia, mwingine akamnyamazisha, akamwambia mwenye tumbo yuko hai anakojoa kwenye chupa ya hospitali. Katika wale wanaume alikuwamo Shekiondo, Mshambaa na Mlutheri, mtani wa Ba'mdogo tangu walipoanza kazi pamoja Horohoro. Waliporudi nilimsikia ukumbini akisema tumbo lile limemalizia mapeasi yake ya Lushoto miaka yote, na kwamba amelitupia udongo wa kwanza ili lisimfuate. Watu walicheka kwa nguvu, Ba'mkubwa kuliko wote. Nilikuwa sijamwona akiwa na amani namna ile tangu ugonjwa uanze. Alikula akamaliza, akasema, "Alhamdulillahi, sehemu ya Salehe imelala kwao."

Ba'mdogo aliporudi nyumbani nilipewa kazi ya kumlisha. Tumbo lililobaki lilikuwa dogo kama ngumi, kwa hiyo alikula kidogo kidogo kutwa nzima: uji mwepesi asubuhi, yai baadaye, ndizi ya kuchemsha, samaki aliyepondwa, uji tena. Nilijifunza kwa makosa. Mara ya kwanza nilimpa chai yenye sukari yake ya zamani, na haukupita muda akalowa jasho, moyo ukamwenda mbio, akashika ukingo wa kochi akidhani anakufa. Sukari ikatoka nyumbani. Halua aliyoletewa na wageni tuliila sisi chumbani mlango umefungwa, kama wezi. Alipenda nikae naye anapokula kwa sababu Ma'mdogo alimtazama sana. "Mkeo akikuangalia unatafuna," aliniambia, "anakuangalia kama mzani." Mimi nilitazama dirishani, naye akameza.

Majibu yalichukua wiki nyingi, na siku yalipokuja Ma'mdogo alikuwa anasimamia mtihani, nikaenda na Ba'mdogo mimi. Chumba cha daktari kilikuwa na feni isiyozunguka na dirisha linalotazama kamba ya kuanikia mashuka. Daktari alichora tumbo kwa kalamu, akachora ukuta wake kwa tabaka, akatuonyesha uvimbe ulipozama: umepita misuli, umekaribia ngozi ya nje, haujaitoboa. Akasema wao hutazama mambo matatu. Uvimbe umezama kiasi gani, umeingia kwenye tezi ngapi, na kama umehamia mbali, kwenye ini au kwingineko. Yakijumlishwa hayo, mgonjwa aliyepasuliwa anapewa hatua, ya kwanza hadi ya nne, na hatua ndiyo inayoonyesha watu wa namna hiyo huwa wanaishi muda gani baada ya kisu. Ba'mdogo aliweka kidole juu ya mchoro, kama alivyokuwa akisoma nyaraka za mizigo.

"Tezi zilizopimwa ni nne," daktari alisema. "Zote safi. Kwa hesabu hiyo wewe ni hatua ya pili."

"Na kwa hesabu nyingine?"

Daktari alivua miwani. Alisema nne hazitoshi. Huwa wanataka kumi na tano kwenda mbele ndipo waseme tezi ni safi na kulisimamia neno lao. Zikiwa nne, huenda mgonjwa ni wa hatua ya pili kweli, na huenda ni wa tatu aliyeandikwa pili kwa sababu tezi zenye ugonjwa hazikufika mezani. Hakusema zilikwenda wapi. Hakuwa na haja ya kusema.

"Ni kama kontena," Ba'mdogo alisema mwishowe. "Mtu amefungua maboksi manne ya mbele, amekuta sabuni, ameandika kontena zima ni sabuni."

"Ndivyo."

"Mimi nimewakamatisha watu kwa mchezo huo."

Daktari alisema kinachofaa ni kuhesabu kwamba boksi la nyuma lina kitu, aende Dar es Salaam akatiwe dawa za saratani mapema, maana huko ndiko zilikokuwa zikitolewa. Akaonya kwamba dawa zenyewe ni nzito na haziwafai wote. Akaongeza jambo ambalo nimelirudia kichwani mwangu maisha yangu yote: hatua huzungumza juu ya kundi la watu, haimtaji mtu. Katika kundi baya wako wanaopona, katika kundi zuri wako wanaokufa. Ba'mdogo aliuliza kama lile la Kigombe linaweza kufukuliwa. Aliuliza kwa sauti ya kazini, kama anauliza kuhusu mzigo ulioshushwa kwenye ghala lisilo lake. Daktari akatikisa kichwa. Nyama iliyolala ardhini bila dawa haisomeki tena.

Tulitoka tukasimama chini ya ile kamba ya mashuka, kwa sababu alikuwa hawezi kwenda mwendo mrefu bila kupumzika. Nilidhani analia, kumbe anavuta pumzi. Akaniambia, "Mwanahamisi, nyumbani tutasema hatua ya pili, tezi safi. Hilo la idadi linabaki hapa hapa. Kaka asilisikie, wala mama yako mdogo, maana akilijua yeye Kaka atalijua kesho." Nikamuuliza, na Dar je? Akasema hakuna kwenda Dar. Mtu mwenye tezi safi akienda kutiwa dawa za sumu, kaka yake atauliza kwa nini, na atauliza mpaka apate. Nikamwambia, ba'mdogo, huo ni uhai wako. Akanitazama kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha. "Alinizika kwa mikono yake akaona amenifanyia heshima. Nimwambie nini, kwamba alichokifukia ndicho daktari alichohitaji kukiona?"

Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii kama alimficha kaka yake kwa mapenzi tu. Niliwahi kumsikia, kabla ya majibu, akimwambia Shekiondo kwamba amechoka na sindano, na kwamba jirani yao wa Horohoro alikwenda Dar akarudi hana nywele wala nguvu, akafa hivyo hivyo. Labda aliogopa, na kaka yake akampa pazia la kujifichia. Labda vyote viwili vilikuwa kweli kwa pamoja, kama ambavyo kwa watu huwa. Ninachojua ni kwamba habari niliyoibeba ile siku ilikuwa nzito kuliko umri wangu, na nilimkasirikia mgonjwa, jambo ambalo hakuna aliyenifundisha kwamba linaruhusiwa. Tulipofika nyumbani akatangaza hatua ya pili kwa mbwembwe, Ma'mdogo akakaa sakafuni akaweka kichwa chake magotini pa mumewe.

Ba'mkubwa alikuja kila Ijumaa baada ya hapo. Aliteremka na kapu la samaki, akakaa mkekani, akataka sinia moja, yeye na mdogo wake, kama walivyokula utotoni. Tulijaribu kumweleza habari ya vibakuli vidogo, akasema mgonjwa hali peke yake, kula peke yake ndiko kunakoua. Alimsogezea minofu. Alimchambulia miiba kwa vidole vyake. "Kula, Salehe," alimwambia. "Lile lililougua limelala Kigombe. Hili ni jipya." Na Salehe akala. Alikula alichojua hakitakaa, akisimulia vituko vya mpakani, na kaka akienda msikitini yeye aliingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho ili maji yazibe sauti. Mimi nilikaa nje ya mlango na taulo. Alipotoka alinipokonya taulo bila kunitazama, na tukaendelea na siku yetu.

Kwa miezi kadhaa hatua ya pili ilionekana kweli. Alirudi Horohoro, alirudisha mwili kidogo, Ma'mdogo akaachia pindo la suruali moja. Kisha macho yakaanza kuwa ya manjano. Tumbo, lile dogo, likavimba kwa maji, na daktari alipompima akakuta ini limejaa uvimbe. Kikao cha ukumbini siku ile nakikumbuka kwa sababu ya joto na kwa sababu ya swali la Ba'mkubwa. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, akauliza kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi, vipi mtu anatoka hatua ya pili na kukuta ugonjwa umefika kwenye ini, hiyo ya tatu aliipita wapi. Ma'mdogo alinitazama mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyekwenda naye, nami nikatazama miguu yangu. Ba'mdogo ndiye aliyejibu, amelala ubavu, sauti imebaki nusu. "Ugonjwa umerudi, Kaka. Hurudi. Basi." Mzee akasema inshallah utaondoka tena. Ba'mdogo akafa kabla ya mwezi wa Ramadhani, asubuhi, Ba'mkubwa akimsomea, na tukamlaza Kigombe.

Arobaini yake tuliifanya huko huko, nyumbani kwa Ba'mkubwa. Nilikuwa ukumbini napanga sahani, nyuma ya pazia la mlango wa baraza, nikasikia wanaume wakizungumza juu ya Bi Mwanajuma, jirani wa nyumba ya tatu. Naye amepitishwa kamera. Naye anapasuliwa tumbo wiki inayokuja. Wanawe wawili walikuwa pale barazani, na Ba'mkubwa alikuwa anawaelekeza kwa upole jinsi ya kusema na daktari. Wasikubali mama yao kuchomwa. Waombe wapewe, hospitali itakata kipande kwa kipimo na mengine watapewa, yeye mwenyewe atawasaidia kuosha. "Sisi tulimfanyia Salehe," alisema, "na tezi zake zikaonekana safi kabisa. Kufa alikufa kwa siku yake." Sahani zilinitoka mikononi. Hazikuvunjika, zilikuwa za bati, lakini kelele yake iliwanyamazisha wote, na Ba'mkubwa akainua pazia kuona kuna nini.

Nikamwomba tuzungumze chumbani. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na kanzu mbili msumarini. Nilimwambia nimesimama, na nilimwambia vibaya, mwisho kwanza: zilipimwa nne tu, zilitakiwa kumi na tano, nyingine zilikuwa ndani ya ile ndoo. Nilimwambia kuhusu Dar. Nilitarajia anipige, au aniite mwongo. Alikaa kwenye sanduku taratibu, akavua kofia yake, akaipakata.

"Salehe alijua?"

"Alijua, ba'mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya majibu."

"Na akala na mimi sinia moja, Ijumaa zote zile."

Aliniuliza kama ningemwambia lau Bi Mwanajuma asingeugua. Nikasema hapana, kwa kuwa nilikatazwa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei. Akauliza tena, taratibu, kama dawa za Dar zingemponya mdogo wake, nikampa jibu la daktari, kwamba huenda, na huenda zisingemponya, kwamba hatua huzungumza juu ya kundi. Nimeona watu wakipokea habari za kifo, sijaona uso ukizeeka kama ule. Baadaye katika maisha yangu nilijua kwamba hatia yenye uhakika mtu huweza kuitubia. Ile ya huenda inakaa. Akasema, "Mimi nilidhani namstahi yeye. Kumbe yeye ndiye aliyenistahi, mpaka akaingia kaburini."

Bi Mwanajuma alipimwa chote. Tezi zake zilihesabiwa zaidi ya ishirini, na nyingi zilikuwa na ugonjwa; akaambiwa hatua ya tatu, akaambiwa maana yake bila kufichwa. Alikwenda Dar, akatiwa dawa, akarudi, akaishi kiasi walichokadiria, si zaidi. Lile lililotolewa lilizikwa baada ya maabara kulimaliza, hospitali ilikubali bila ugomvi, na mchimbaji alikuwa Ba'mkubwa. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba kuhesabu kunaponya. Yule mama alikufa akijua, basi. Aligawa kanga zake mwenyewe, akachagua nani apewe ipi, na mabinti zake wakagombana mbele yake akawaamua. Ba'mdogo hakumwachia mtu neno lolote.

Lakini siku ile ya arobaini hayo yote yalikuwa hayajatokea. Ba'mkubwa alivaa kofia yake, akatoka barazani, nikasimama nyuma ya pazia. Wali ulikuwa umeshaletwa na watu wamenawa. Hakukaa. Aliwaambia wana wa Bi Mwanajuma kwamba amewaelekeza vibaya, wampe daktari kila alichokitoa, akisome chote, na ardhi itangoja. Akasema, mbele ya wazee wenzake na mbele ya imamu, "Mimi ndugu yangu nilimzikia majibu yake."

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia. Shekiondo, aliyekuwa ameshuka kutoka mpakani kwa ajili ya arobaini, alitafuta utani asiupate, akasema kwa upole, "Mzee, hayo ni ya Mungu."

"Ya Mungu ni kifo," Ba'mkubwa alisema. "Lile tumbo nililizika mimi."